Mtoto wako akiona mabaya kwenye simu, atakuambia?

MSICHANA wa miaka 12 aliletwa na mamake kliniki kwangu mjini Thika, akilalamika kwamba tumbo linamuuma. Ilikuwa mara yake ya tatu katika muda wa wiki tano. Mara ya kwanza tulimpima choo na mkojo. Mara ya pili tulimpima damu na kumpa dawa ya kupunguza asidi tumboni. Majibu yote yalikuwa mazuri, lakini maumivu hayakukoma. Mama alikuwa amekwisha kata shauri kwamba binti yake anatafuta kisingizio cha kutokwenda shuleni, maana tumbo lilianza kila Jumapili jioni.

Siku hiyo nilimwomba mama atupishe kwa dakika chache, nikabaki na mtoto pamoja na muuguzi. Nilimuuliza habari za shule, chakula na hedhi. Kisha nikamuuliza swali ambalo siku hizi namuuliza kila mtoto ambaye ugonjwa wake hauonekani kwenye maabara: Je, kuna jambo lolote kwenye simu linalokutia hofu?

Machozi yalimtoka kabla sijafika mwisho wa swali. Kupitia mchezo mmoja wa simu alikuwa amepata "rafiki" aliyedai kuwa mvulana wa miaka 14. Walizungumza kwa miezi miwili. Rafiki huyo alimshawishi hadi akampelekea picha moja akiwa hana nguo. Alipoipata tu, lugha ilibadilika: tuma nyingine, la sivyo hii itafika kwa darasa lako lote. Basi kila Jumapili jioni mtoto huyu alikuwa akiwaza ni nani atakayekuwa ameiona picha hiyo Jumatatu asubuhi.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mamake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Angenichapa, halafu angechukua simu," akasema.

Nimebadilisha mambo fulani katika kisa hiki ili mtoto asitambulike. Lakini jibu lake sikulibadilisha, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Swali tunalolisahau

Mpendwa msomaji, kila tunapozungumza kuhusu watoto na intaneti, sisi wazazi huuliza swali moja: nitazuia vipi? Ni swali zuri, na hapa chini nitalijibu kadiri ya uwezo wangu. Lakini kuna swali la pili ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Siku ambayo kizuizi chako kitashindwa, na siku hiyo itafika, je, mtoto wako atakuambia?

Tazama mazingira tunamoishi. Mimi nakaa Ruiru na kufanya kazi Thika, na kila siku napita katika barabara kuu ya Thika. Tangu barabara hiyo ikamilike mwaka 2012, majumba yameota kandokando yake kama uyoga, na nyaya za intaneti zimefuata. Ukienda Membley, Kimbo, Ngoingwa au Section 9, utakuta nyumba nyingi zina waifai. Ukienda Kiandutu au Githurai, utakuta mzazi asiye na waifai ananunua bando la shilingi chache, na simu moja inatumiwa na watu wanne. Hakuna mtaa uliosalimika kwa sababu ya umaskini, wala uliosalimika kwa sababu ya utajiri na ukuta mrefu.

Isitoshe, sisi wenyewe ndio tuliowapa watoto simu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia kwenye simu. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Waliporudi madarasani, simu haikurudi mfukoni mwa mzazi. Mtaala wa umilisi nao ulileta kazi za nyumbani zinazomtaka mtoto atafute picha na habari mtandaoni. Kwa hivyo mzazi anayesema "mtoto wangu hatagusa simu mpaka amalize kidato cha nne" anasema jambo ambalo hawezi kulitimiza. Simu akiikosa kwako, ataipata kwa jirani, kwa binamu, kwa saiba au kwa kijana wa bodaboda.

Si kwamba tunatishana bure. Ripoti ya mwaka 2021 iliyotayarishwa na UNICEF, shirika la ECPAT na polisi wa kimataifa wa Interpol ilikadiria kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamedhulumiwa kingono mtandaoni katika mwaka mmoja tu. Chukua darasa moja la watoto 40 wanaotumia intaneti. Hao ni kati ya watoto wawili na watano. Pengine mmoja wao ni wako, na pengine anaumwa na tumbo.

Ugonjwa usioonekana kwenye maabara

Mtoto mdogo hana maneno ya kusema, "Daktari, nina wasiwasi mwingi." Mwili ndio unaomsemea. Anaumwa na kichwa, anaumwa na tumbo, anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha zamani, anashtuka usiku, anakataa chakula. Mkubwa kidogo anajifungia chumbani, alama zake zinashuka, anaficha simu ukikaribia, anakasirika ovyo, ana pesa au zawadi ambazo hujui zimetoka wapi. Mdogo mwingine anaanza kufanya au kusema mambo ya kingono ambayo hakupaswa kuyajua. Dalili hizi zinaweza kusababishwa na mambo mengine mengi, na ndiyo maana lazima mtoto apimwe kwanza. Lakini akipimwa na lisionekane lolote, usirukie neno "mwongo".

Dalili ambayo wazazi wengi hawaihesabu kabisa ni kukosa usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Huku kwetu basi la shule hupita saa kumi na moja unusu alfajiri ili liwahi kabla ya msongamano wa magari. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri anapaswa awe amelala saa mbili usiku ili apate saa 9. Je, wako huwa amelala saa mbili? Au huwa na simu chini ya blanketi saa tano usiku? Mtoto asiyelala hukosa makini darasani, huwa na hasira, na hukosa nguvu ya kukataa anaposhawishiwa. Na saa hizo za usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, ndizo watu waovu wanazozipenda.

Kwa televisheni tulijua la kufanya. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinasema kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo visipeperushe mambo ya watu wazima, kwa kuwa watoto wanatazama. Lakini simu haina saa nne usiku. Kinachopatikana usiku wa manane kinapatikana pia saa nane mchana, mtoto akiwa amekaa na yaya. Saa hiyo lazima iwekwe na mzazi.

Makufuli, na mipaka yake

Kinga ni bora kuliko tiba, kwa hivyo tuanze na makufuli. Hayahitaji pesa, yanahitaji jioni moja ya Jumamosi.

La kwanza ni ruta, kile kisanduku cha waifai. Mwambie fundi wako abadilishe mahali panapoitwa DNS aandike 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hii ni huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare ambayo hukataa kufungua tovuti za ngono na zile za kuharibu mitambo. Simu na televisheni zinazotumia waifai hiyo hukingwa kwa pamoja. Kisha badilisha nywila ya ruta yenyewe, maana ukiiacha ile iliyotoka nayo dukani, kijana wa miaka 13 ataibadilisha kabla hujamaliza chai.

La pili ni simu ya mtoto. Kwa simu za Android kuna programu ya bure ya Google iitwayo Family Link. Itakuwezesha kupanga saa za matumizi, kuifunga simu wakati wa kulala, na kuidhinisha kila programu kabla haijaingia. Kwa watoto wadogo weka YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida. TikTok nayo ina njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya kijana.

La tatu ni simu yako mwenyewe, na hapa wengi wetu tumekosa. Mtoto wa miaka minne hana simu, anachezea ya baba. Baba yumo katika makundi kumi ya WhatsApp, na kila picha na video inayotumwa huko inajihifadhi yenyewe kwenye simu. Mtoto anatafuta katuni, anakutana na ajali, maiti au wanawake wasio na nguo. Nenda katika mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Na kama kuna kitu kwenye simu yako ambacho hungependa mtoto akione, jiulize kinafanya nini hapo. Ama kwa walio wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kamwe, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora.

La nne ni mahali pa kulaza simu. Simu zote, ikiwemo yako, zilale sebuleni au jikoni kuanzia saa mbili usiku. Kati ya haya yote, hili ndilo ninaloliamini zaidi kama daktari.

Lakini nisikudanganye. Makufuli haya yana mipaka. Ya ruta hayafanyi kazi mtoto akitumia bando. Hayaoni kinachotumwa ndani ya WhatsApp. Kijana mjanja ataweka programu ya kuyakwepa. Na hakuna kufuli linaloweza kumtambua mtu mzima anayejiita mvulana wa miaka 14.

Kosa langu mwenyewe

Wahenga walisema mganga hajigangi. Miaka mitatu iliyopita niliporudi nyumbani jioni moja nilimkuta mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10, akiwa na binamu zake wawili wakitazama picha chafu kwenye kipakatalishi ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekinunua kwa ajili ya masomo yake. Nilimchapa. Nikazima intaneti wiki mbili. Nikamwambia kwamba nikisikia tena habari kama hiyo atanijua mimi ni nani. Nililala usiku huo nikijiona mzazi imara.

Miezi michache baadaye mke wangu aliniambia kwamba mtoto hakubali tena kuzimiwa taa anapolala, na kwamba anaenda chooni usiku akiwa ameshikwa mkono na dadake mdogo. Tulichukua muda kumtoa maneno. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la watoto wa mtaa, na mmoja wao alikuwa ametuma video ya mtu akiuawa. Mwanangu aliitazama mara moja, na tangu hapo ilikuwa ikimrudia kila akifumba macho. Alikuwa amekaa nayo peke yake majuma saba. Hakuwa ameitafuta wala hakuwa na hatia. Lakini nilikuwa nimemwambia kwamba nikisikia tena habari kama hiyo atanijua, naye aliniamini.

Mimi ni daktari, na nyumbani kwangu mtoto aliugua majuma saba kwa sababu aliogopa baba kuliko alivyoiogopa ile video. Nilimwomba msamaha. Sikuona haya kumwomba, na sioni haya kukusimulia wewe.

Najua wako watakaosema kwamba daktari huyu anataka kudekeza watoto, na watanikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sikatai methali hiyo. Mtoto apewe sheria, na akizivunja kwa makusudi aadhibiwe kwa kiasi. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kuvunja sheria ya nyumba ni kosa. Kuja kwa mzazi na kusema "nimeona jambo baya" au "nimetuma picha na sasa ninatishwa" ni ujasiri. Ukiuadhibu ujasiri huo mara moja, hutauona tena. Na yule mwovu aliye upande wa pili wa simu anategemea hilo. Kauli yake ya kwanza kwa kila mtoto huwa ni hii: usimwambie mtu, wazazi wako watakuua.

Likitokea nyumbani kwako

Sasa tuseme mtoto amekujia na neno zito. Fanya haya.

Tulia, hata kama moyo unakudunda. Mwambie, "Umefanya vyema kuniambia, na si wewe mwenye makosa." Kukasirika utakasirika baadaye, chumbani kwako.

Usimlipe anayewatisha, wala mtoto asitume picha nyingine. Anayelipwa leo atarudi kesho.

Usifute kitu. Hifadhi jina la akaunti, nambari ya simu na ujumbe pamoja na tarehe zake. Baadaye ndipo umzuie mtu huyo.

Usiisambaze picha ya mtoto, hata kama ni kwa nia njema. Nimeona wazazi wakituma picha kama hizo kwenye kundi la darasa "ili mhalifu asakwe". Chini ya sheria yetu ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, kuwa na picha za ngono za mtoto au kuzisambaza ni kosa linaloweza kukutoza faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 25, au yote mawili. Na mtoto anaumizwa upya kila picha hiyo inapoonekana.

Piga simu 116. Ni laini ya kuwasaidia watoto, haitozi pesa na hujibiwa mchana na usiku. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa hivyo mfundishe nambari hiyo leo. Idara ya Upelelezi wa Jinai ina laini yake ya bure, 0800 722 203, na ina kitengo maalumu cha kulinda watoto. Kama picha tayari imo mtandaoni, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2023, inayosaidia kuiondoa katika mitandao inayoshirikiana nayo bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako.

Mwisho, kama mtoto alikutana ana kwa ana na mtu huyo na akamdhulumu, nenda hospitali mara moja, kabla ya kuoga au kufua nguo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Na mtoto akitamka kwamba anatamani kufa, usimwache peke yake hata dakika moja, mlete hospitali.

Si mzigo wa mzazi pekee

Kuna wanaosema kwamba hii ni kazi ya serikali na kampuni za mitandao. Wana haki. Machi 2025 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi kuhusu vijana wa Kenya, wengine wakiwa na miaka 15, waliokuwa wakijionyesha kingono katika matangazo ya moja kwa moja ya TikTok, huku kampuni ikikata sehemu yake ya zawadi zinazotumwa na watazamaji. Kampuni inayokata fungu lake haiwezi kusema haikujua kinachouzwa. Na serikali yetu, ambayo ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, haina budi kuona kwamba sheria hiyo inafika hadi Makongeni na Kihunguro, na kwamba mzazi anayefika kituoni na simu mkononi hachekwi wala kuambiwa arudi kesho.

Lakini kesho ya serikali na kesho ya mtoto hazilingani. Mtoto yuko na simu jioni ya leo.

Yule msichana wa tumbo alipona. Mamake alipoingia tena chumbani na kuelezwa, alisimama kimya kwa muda mrefu, mkono umeshika mdomo. Niliogopa kidogo. Halafu akapiga magoti mbele ya kiti cha binti yake, akamkumbatia, akasema, "Kwa nini umebeba haya peke yako?" Walitoka hapo wakaenda kuripoti. Sikumwandikia dawa yoyote siku ile, na tumbo halikurudi.

Basi, msomaji, kabla hujamwita fundi wa ruta, fanya jambo moja usiku wa leo. Keti na mtoto wako, zima televisheni, umwambie hivi kwa lugha yenu ya nyumbani: ukiona jambo lolote la kukutisha kwenye simu, au ukifanya kosa lolote huko, njoo uniambie. Sitakuchapa, na sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia. Kisha, siku atakapokuja, timiza ahadi hiyo.